Watu 1,131,950: Sifa za Nambari Moja Kubwa

Asumbi imo katika eneobunge la Rangwe, kaunti ya Homa Bay, na mpaka wa Migori hauko mbali nayo. Ni mahali panapojulikana kwa elimu. Misheni ya Kikatoliki ya mapadri wa Mill Hill ilitia mizizi hapo, na leo pana shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwalimu aliyefunzwa Asumbi huenda akafundisha hisabati Ndhiwa, Rongo, Suna au mbali zaidi, na jinsi anavyoitazama nambari ndivyo wanafunzi wake watakavyoitazama. Kwa hiyo ni halali kuuliza, mahali kama hapo: mtoto anapoandikiwa ubaoni nambari kubwa, tunamfundisha aone nini ndani yake?

Kwa kawaida tunamfundisha kuisoma, kuiandika kwa maneno, na kuikadiria hadi elfu au milioni iliyo karibu. Hayo ni ya lazima, lakini yanaishia mlangoni. Nambari kubwa ina undani unaoweza kufunuliwa kwa kalamu na karatasi, na kila sifa yake ina sababu ambayo mwanafunzi wa miaka kumi na mitano anaweza kuielewa mpaka mwisho.

Makala haya yanachambua nambari moja, 1,131,950. Ndiyo idadi ya watu wa kaunti ya Homa Bay katika sensa ya 2019, ambayo usiku wake rasmi ulikuwa wa tarehe 24 Agosti. Hoja yangu ni kwamba sifa za nambari kama hii ni za aina tatu, na aina hizo hazipaswi kuchanganywa. Kuna sifa za kile kinachohesabiwa. Kuna sifa za mwandiko, yaani zinazotokana na desturi yetu ya kuandika kwa makumi. Na kuna sifa za nambari yenyewe, ambazo zingebaki vilevile hata kama hakuna aliyeiandika wala aliyehesabiwa. Anayezitenganisha huielewa nambari. Anayezichanganya hupotoka, iwe darasani au katika mjadala wa umma.

Nambari kama hesabu ya watu

Tuanze na aina ya kwanza. Katika sensa ile, Homa Bay ilikuwa na wanaume 539,560, wanawake 592,367 na huntha 23. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha peke yao. Jumlisha na utapata 1,131,950. Jirani yake Migori ilikuwa na watu 1,116,436, na Kenya nzima 47,564,296. Miaka kumi kabla, mwaka 2009, Homa Bay ilikuwa na watu 963,794. Ongezeko ni 168,156, kama asilimia 17.4, ambalo ni wastani wa asilimia 1.6 hivi kwa mwaka.

Katika kazi hii kinachojali ni ukubwa wa nambari. Kenya ina kaunti 47. Tukigawa idadi ya nchi kwa 47 tunapata 1,012,006 na baki 14, hivyo Homa Bay na Migori ziko juu kidogo ya wastani. Homa Bay ina maeneobunge 8. Gawa 1,131,950 kwa 8 upate 141,493 na baki 6. Baki hiyo haimsumbui yeyote. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inataka maeneobunge yakaribiane na wastani wa idadi ya watu, na inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Sheria haiulizi kama nambari inagawanyika sawasawa. Inauliza kama mgao unakaribia haki.

Sensa ni picha ya usiku mmoja. Kufikia asubuhi kuna waliozaliwa na kuna waliofariki, na tarakimu za mwisho zimekwisha kubadilika. Kwa mpangaji wa zahanati au barabara, "watu milioni moja na laki moja u nusu" hutosha. Lakini kwa mwanahisabati, nambari 1,131,950 na nambari 1,131,951 ni vitu viwili tofauti kabisa, na tutaona ni tofauti kiasi gani.

Nambari kama mwandiko

Kati ya 2009 na 2019 Homa Bay ilivuka milioni, na idadi yake ikatoka tarakimu sita hadi saba. Je, hilo ni tukio la kihisabati? Ni tukio la mwandiko tu. Tunaandika kwa makumi: kila nafasi ya kushoto ina thamani mara kumi ya ile ya kulia kwake. Tungetumia msingi mwingine, mpaka ungekuwa kwingine.

Mfano haupatikani mbali. Katika Kidholuo, lugha ya wenyeji wa Asumbi, majina ya sita na saba, auchiel na abiriyo, yamejengwa juu ya tano, abich, yakiongezewa moja na mbili. Ni alama ya kuhesabu kwa matano. Tuchukue basi msingi wa tano na tuandike nambari yetu humo. Tunaigawa kwa 5 mfululizo na kuziandika baki. 1,131,950 kwa 5 ni 226,390, baki 0. Hiyo kwa 5 ni 45,278, baki 0. Hiyo kwa 5 ni 9,055, baki 3. Tukiendelea hadi mwisho na kuzisoma baki kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, tunapata 242210300. Hakikisha kwa kujumlisha: mbili za 390,625, nne za 78,125, mbili za 15,625, mbili za 3,125, moja ya 625, na tatu za 25. Jumla ni 1,131,950.

Hapa mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, katika msingi wa tano, idadi ya 2009 na ya 2019 zote mbili zina tarakimu tisa, kwa kuwa zote ziko kati ya 390,625 na 1,953,125. Ule uvukaji wa milioni umetoweka. Pili, nambari inaishia na sifuri mbili. Hizo zina maana: zinaonyesha kwamba inagawanyika kwa 5 mara mbili, yaani kwa 25. Katika msingi wa kumi tuliona sifuri moja tu mwishoni, nayo ilituambia kwamba inagawanyika kwa 10. Kugawanyika kwenyewe hakukubadilika. Kilichobadilika ni kipi kati ya vigawo vyake mwandiko umeamua kukionyesha waziwazi.

Sensa ya 2019 ilikusanywa kwa tabuleti, na ndani ya mashine hizo nambari huandikwa kwa msingi wa mbili, kwa moja na sifuri pekee. Nambari yetu huwa 100010100010110101110, tarakimu ishirini na moja. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara ishirini ni 1,048,576, idadi ya 2009 ilitoshea katika tarakimu ishirini, na ile ya 2019 ikahitaji moja zaidi. Kwa mashine, mpaka uliovukwa ulikuwa 1,048,576, wala haukuwa milioni.

Tarakimu ya mwisho ikiwa sifuri, baadhi ya wasomaji hushuku kwamba nambari ilikadiriwa. Shaka hiyo ina msingi katika mambo mengine ya sensa: watu wasiojua umri wao kwa uhakika hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5, na wataalamu wa takwimu wana vipimo vya kugundua mrundikano huo. Lakini jumla ya kaunti imetokana na nambari tatu, na kati yake 592,367 na 23 haziishii na sifuri. Hata kule kuishia na 50 si ajabu: nambari moja kati ya kila hamsini hugawanyika kwa 50. Tukiwa na kaunti 47, ni kawaida kutarajia kama moja iwe hivyo kwa sadfa tu.

Kuhakiki jumla kwa tisa na kumi na moja

Mwandiko una manufaa yake, na manufaa makubwa kuliko yote ni kanuni za kugawanyika. Karibu kila mtoto wa Kenya amekariri kwamba nambari hugawanyika kwa 9 ikiwa jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9. Wachache wameambiwa kwa nini, ingawa sababu ni mistari miwili. Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 999 na 1. Kwa hiyo ukitoa tisa zote zilizomo, kila kumi huacha moja, kila mia huacha moja, kila elfu huacha moja. Tarakimu 5 katika nafasi ya makumi huacha 5, na 9 katika nafasi ya mamia huacha 9. Kinachosalia ni jumla ya tarakimu. Kanuni hiyohiyo hufaa kwa 3, kwa kuwa 9 yenyewe hugawanyika kwa 3.

Tarakimu za 1,131,950 zinajumlishwa kuwa 20, na 2 na 0 ni 2. Basi nambari haigawanyiki kwa 9 wala kwa 3. Huacha baki 2 zikitolewa tisa. Tumia hili kuhakiki jumla ya sensa. Wanaume 539,560: jumla ya tarakimu ni 28, kisha 10, kisha 1. Wanawake 592,367: ni 32, kisha 5. Huntha 23: ni 5. Moja na tano na tano ni 11, kisha 2. Imelingana. Njia hii ya kutoa tisa ilijulikana sana na wanahisabati wa Kiislamu wa zama za kati, na kwa karne nyingi waweka hesabu za biashara waliitegemea kuhakiki mahesabu yao.

Ina udhaifu mmoja mkubwa. Karani akipindua tarakimu mbili na kuandika 1,131,590 badala ya 1,131,950, jumla ya tarakimu inabaki 20. Kosa la watu 360 limepita bila kuonekana, na si ajabu, maana 360 ni 9 mara 40. Kila kosa la kubadilishana tarakimu huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9.

Hapo ndipo 11 inapoingia. Kumi ni 11 kasoro 1, na mia ni 99 na 1, elfu ni 1,001 kasoro 1. Nafasi zinapishana: moja ya kuongeza, moja ya kutoa. Kwa hiyo kutoka kulia, ongeza, toa, ongeza, toa. Kwa 1,131,950 tunapata 0 − 5 + 9 − 1 + 3 − 1 + 1, ambayo ni 6. Kwa 1,131,590 tunapata hasi 2, ambayo ni sawa na baki 9. Kosa limenaswa. Na ile jumla ya awali? Wanaume huacha baki 10, wanawake 6, huntha 1. Jumla ni 17, ambayo huacha 6. Imelingana tena. Mtu akitumia tisa na kumi na moja pamoja, ni nadra makosa ya kawaida ya kalamu kumponyoka.

Kwa 7 wengi huambiwa hakuna njia ya mkato. Zipo kadhaa. Mojawapo ilienea mwaka 2019 baada ya mwanafunzi mmoja wa shule ya London, mwenye asili ya Nigeria, kuifikia mwenyewe: toa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, uongeze kwa kilichobaki, kisha urudie. Tuijaribu: 113,195 na 0 ni 113,195. Kisha 11,319 na 25 ni 11,344. Kisha 1,134 na 20 ni 1,154. Kisha 115 na 20 ni 135. Kisha 13 na 25 ni 38. Na 38 haigawanyiki kwa 7, basi hata nambari yetu haigawanyiki. Sababu yake: ukiizidisha nambari nzima kwa 5, kila kumi lake linakuwa 50, ambalo ni 49 na 1, na 49 ni saba mara saba. Kinachobaki ni makumi yenyewe na tarakimu ya mwisho mara tano.

Nambari yenyewe: vigawo tasa

Sasa tuingie katika aina ya tatu. Kila nambari nzima inayozidi 1 ni tasa, au ni zao la nambari tasa, na zao hilo ni la aina moja tu ukiacha mpangilio. Mizizi ya jambo hili imo katika kazi ya Euclid wa Aleksandria, na Gauss aliliweka wazi kwa uthibitisho kamili mwaka 1801. Hii ndiyo sifa iliyo ya nambari kuliko zote: haitegemei msingi wa kuandikia wala kilichohesabiwa.

Kwa 1,131,950 kazi inaanza kwa urahisi. Inagawanyika kwa 2, halafu kwa 5, halafu kwa 5 tena, na kinachobaki ni 22,639. Je, hii nayo inavunjika?

Hapa tunahitaji subira na wazo moja. Kama 22,639 ni zao la nambari mbili, moja kati yake lazima isizidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu nambari mbili zilizozidi kipeuo hicho zingezaa zao kubwa mno. Na 150 mara 150 ni 22,500, ilhali 151 mara 151 ni 22,801. Kwa hiyo inatosha kujaribu nambari tasa zisizozidi 150. Ziko 35. Kuzipata tunatumia chekeche la Eratosthenes, mtu wa Kirene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo: andika nambari, futa vizidisho vya 2, vya 3, vya 5, na kuendelea, zitakazosalia ni tasa.

Jaribu moja baada ya nyingine. Kwa 7 baki ni 1, kukosa kwa hatua moja tu. Kwa 11 baki ni 1 pia. Kwa 13 ni 6, kwa 23 ni 7, kwa 41 ni 7 tena. Kwa 113 ni 39. Kwa 149, ya mwisho, ni 140. Hakuna hata moja inayoingia sawasawa. Basi 22,639 ni tasa, na tumepata umbo kamili: 1,131,950 ni 2 × 5 × 5 × 22,639.

Mambo mengi yanafuata mara moja kutoka hapo. Kila kigawo cha nambari yetu kinaundwa kwa kuchukua au kuacha 2, kuchukua 5 sifuri, mara moja au mara mbili, na kuchukua au kuacha 22,639. Hizo ni njia 2 × 3 × 2, yaani vigawo 12: 1, 2, 5, 10, 25, 50, 22,639, 45,278, 113,195, 226,390, 565,975 na 1,131,950. Tazama pengo kati ya 50 na 22,639. Watu wa Homa Bay wangeweza kupangwa katika makundi sawa ya watu 50, au 25, au 10, lakini hakuna ukubwa mwingine wowote kati ya 50 na 22,639 ambao usingeacha mtu pembeni. Nambari tasa moja kubwa imelifunga eneo lote hilo.

Jumlisha vigawo vyote isipokuwa nambari yenyewe, upate 973,570. Ni pungufu ya 1,131,950. Wagiriki wa kale waliita nambari kamilifu ile ambayo jumla hiyo inalingana nayo, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28. Zinazofuata ni 496 na 8,128, kisha hakuna nyingine hadi 33,550,336. Homa Bay imo katikati ya pengo hilo. Idadi ya Kenya yote imeshalipita.

Miraba miwili, mitatu, minne

Swali lingine la zamani: je, nambari inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba? Fermat alidai mwaka 1640, na Euler akathibitisha karne iliyofuata, kwamba nambari tasa ya witiri ni jumla ya miraba miwili ikiwa tu huacha baki 1 inapogawanywa kwa 4. Kutokana na hilo tunajua kwamba nambari yoyote ni jumla ya miraba miwili ikiwa tu kila kigawo chake tasa kinachoacha baki 3 kwa 4 kinajitokeza mara shufwa.

Sehemu ya 50 katika nambari yetu haina shida: 50 ni 49 na 1. Lakini 22,639 huacha baki 3 kwa 4, nayo imo mara moja tu. Basi hata ukijaribu miraba yote hadi 1,063 mara 1,063, hutapata jozi ya kufikia 1,131,950. Angalia uzito wa kauli hii: mamia ya majaribio yamefungwa kwa mgawanyo mmoja wa 22,639 kwa 4.

Kwa miraba mitatu mlango upo wazi. Legendre mwaka 1798 na Gauss mwaka 1801 walionyesha kwamba zinazoshindwa ni zile tu zinazoacha baki 7 kwa 8, au zinazopatikana kwa kuzizidisha hizo kwa 4 mara moja au zaidi. Yetu huacha baki 6. Na kweli: 1,062 mara 1,062 ni 1,127,844, 59 mara 59 ni 3,481, 25 mara 25 ni 625. Jumla ni 1,131,950 kamili. Kwa miraba minne hakuna nambari inayokosa, kama Lagrange alivyothibitisha mwaka 1770.

Majirani na kawaida yao

Turudi kwa ile tofauti ya mtu mmoja tuliyoigusa mwanzoni. Tuseme mmoja hakuhesabiwa. Idadi inakuwa 1,131,949. Ile njia ya 7 inatoa 113,239, kisha 11,368, kisha 1,176, kisha 147, kisha 49: inagawanyika. Ukiivunja yote unapata 7 × 7 × 13 × 1,777. Vile vigawo tasa vya kwanza havimo hata kimoja. Mtu mmoja akiongezeka, 1,131,951 ina tarakimu zenye jumla 21, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, lakini haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Hili si sadfa: nambari mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1, kwa kuwa kigawo cha zote mbili kingelazimika kugawa tofauti yao, ambayo ni 1.

Hapa tofauti ya aina tatu za sifa inaonekana wazi kabisa. Kwa mpangaji wa kaunti, kuongezeka kwa mtu mmoja hakubadilishi kitu. Katika mwandiko kunabadilisha tarakimu moja. Katika nambari yenyewe kunabadilisha kila kitu. Kwa hiyo anayejaribu kusoma bahati au hatima ya jamii katika vigawo vya idadi yake anajenga juu ya kitu kinachovunjika kila mtoto anapozaliwa.

Hata hivyo, katika mabadiliko hayo ya ghafla kuna utulivu wa jumla, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Migori, 1,116,436, ni 2 × 2 × 279,109, na 279,109 ni tasa. Kenya, 47,564,296, ni 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071. Hesabu nambari tasa tofauti katika kila moja: Homa Bay tatu, Migori mbili, Kenya nne, na ile jirani 1,131,949 tatu. Wastani ni tatu. Hardy wa Uingereza na Ramanujan wa India walithibitisha mwaka 1917 kwamba nambari nyingi mno hukaa karibu na kiwango fulani, na kiwango hicho hupanda polepole kupita kiasi. Kwa nambari za kama milioni moja, wastani ni karibu tatu. Ili ufike tano, nambari lazima ziwe na tarakimu kama hamsini. Nambari moja haitabiriki. Umati wa nambari una tabia.

Nambari tasa nazo zina kawaida yao. Kwa nadharia iliyothibitishwa mwaka 1896 na Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake, karibu na 1,131,950 nambari moja katika kila kumi na nne hivi ni tasa.

Mpaka wa ujuzi

Tulivunja nambari yetu kwa majaribio yasiyozidi 35. Nambari ikiwa na mamia ya tarakimu, njia hiyo haifui dafu hata kwa mashine. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga juu ya ugumu huo mbinu ya kuficha ujumbe: kuzidisha nambari tasa mbili kubwa ni rahisi, kulivunja zao lake ni kazi ngumu. Zao moja la tarakimu 129 walilotoa kama changamoto lilivunjwa mwaka 1994, na jingine la tarakimu 250 mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Mbinu hiyo na zinazofanana nayo hulinda mawasiliano mengi ya intaneti. Upande mwingine, nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 136,279,841, kasoro 1. Ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Na bado kuna maswali mepesi yasiyo na jibu. Mwaka 1742 Goldbach alimwandikia Euler wazo ambalo leo tunalisema hivi: kila nambari shufwa inayozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili. Kompyuta zimehakiki hadi 4 ikifuatwa na sifuri 18, kwa hiyo tuna hakika kwamba 1,131,950 imo. Lakini kwa nini iwe hivyo kwa zote, hakuna aliyethibitisha.

Yanayowahusu walimu

Vifaa vyote vya uchambuzi huu vimo katika mtaala wa shule zetu: thamani ya nafasi, baki, vigawo, nambari tasa, miraba, vipeuo. Kinachokosekana mara nyingi ni sababu. Tunawapa watoto kanuni za 2, 3, 4, 5, 9 na 11 kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ilhali zote ni wazo moja, kwamba 10 huacha baki fulani, na aliyeliona wazo hilo hahitaji orodha. Mwalimu anayeandaliwa Asumbi au katika chuo kingine chochote anastahili kufundishwa uthibitisho wa kanuni hizo kama sehemu ya kazi yake, kwa sababu bila huo hawezi kumjibu mtoto anayeuliza kwa nini.

Nambari za kufanyia kazi zipo tele. Sensa imetoa idadi ya kila kaunti, kila kaunti ndogo na kila lokesheni. Mpe kila mwanafunzi nambari ya kwao. Aihakiki kwa tisa na kumi na moja, aiandike kwa msingi wa tano, aivunje mpaka ifike kwenye tasa, kisha aseme ni sifa ipi inayohusu watu, ipi mwandiko na ipi nambari yenyewe. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha hayo matatu atajua pia, akiwa mtu mzima mbele ya matokeo ya uchaguzi au bajeti ya kaunti, ni swali gani la kuuliza nambari anayoletewa.